Kioo, Chuma au Saruji: Mionzi Huelekea Wapi Taka za Nyuklia Zinapoyeyushwa

Mjadala wa kituo cha nyuklia ulipotoka Uyombo, Kilifi, ukahamia Siaya mwaka 2025, swali la taka lilihama nao. Kuanzia Rarieda hadi Kisumu mjini wapo wanaoamini kwamba taka zitachomwa, zigeuke kioo, na moto utakuwa umeua mionzi. Moto hauui mionzi. Joto la tanuri, hata likifika nyuzi 1,600 za Selsiasi, haligusi kiini cha atomu. Sesiamu-137 iliyoingia na nusu-maisha (muda wa mionzi kupungua kwa nusu) ya miaka 30 itatoka na miaka yake 30 ileile. Kazi ya tanuri ni kugawa: elementi hii ibaki ndani, ile ielee juu, nyingine ipande na moshi. Anayelinganisha njia za kuyeyusha taka analinganisha migawanyo hiyo, pamoja na gharama ya kuikamata sehemu inayotoroka.

Njia tunazolinganisha hapa ni tatu. Ya kwanza ni kuyeyusha taka pamoja na malighafi ya kioo. Ya pili ni kuyeyusha vyuma vilivyochafuliwa na mionzi. Ya tatu ni kutoyeyusha kabisa, yaani kufunga kwa saruji, na hiyo imo kwa sababu kwa hali ya Kenya ya leo ndiyo inayoshinda mara nyingi.

Elementi kwanza, tanuri baadaye

Kabla ya kuuliza bei ya tanuri, uliza taka zina nini. Elementi yoyote ikitiwa kwenye chuma kilichoyeyuka, hatima yake hutegemea mambo mawili. La kwanza ni iwapo inashikana na oksijeni kwa nguvu kuliko chuma. Ikiwa ndivyo, inageuka oksidi na kuingia kwenye slagi, ule uchafu unaoelea juu na kuganda ukawa jiwe. Ikiwa sivyo, inabaki ndani ya chuma. La pili ni iwapo inachemka kabla ya kufikia joto la tanuri. Hapo hata upendo wake kwa oksijeni haumsaidii mtu, kwa sababu inaondoka na moshi kabla slagi haijaishika vizuri.

Kwenye kioo mambo ni tofauti kidogo, maana kioo chenyewe ni mchanganyiko wa oksidi. Kinachoishia kwenye slagi ya chuma hukaa vizuri kwenye kioo. Kinachogoma kabisa kugeuka oksidi hukosa makao na kuzama chini.

| Elementi | Nusu-maisha | Ndani ya chuma, nyuzi 1,600 | Ndani ya kioo, nyuzi 1,150 | Ndani ya saruji |
|---|---|---|---|---|
| Kobalti-60 | miaka 5.27 | hubaki kwenye chuma | hubaki | hubaki |
| Sesiamu-137 | miaka 30 | vumbi la moshi | nyingi hubaki, sehemu hutoroka | huvuja na maji polepole |
| Strontiamu-90 | miaka 29 | slagi | hubaki | wastani |
| Rutheniamu-106 | mwaka 1 hivi | hubaki kwenye chuma | sehemu hutoroka, sehemu huzama | hubaki |
| Teknetiamu-99 | miaka 211,000 | hubaki kwenye chuma | nusu au zaidi yaweza kutoroka | huhitaji slagi ya tanuru la chuma kwenye mchanganyiko |
| Iodini-129 | miaka milioni 15.7 | moshi | karibu yote hutoroka | hushikwa kwa udhaifu |
| Amerisiamu-241 | miaka 432 | slagi | hubaki | hubaki vizuri |

Urani, plutoniamu, thoriamu na radiamu zifuate mstari wa amerisiamu. Zinki, risasi na poloniamu zifuate sesiamu kwenda kwenye vumbi. Iridiamu-192, inayotumiwa kupiga picha viungo vilivyochomelewa vya mabomba ya mafuta, hubaki kwenye chuma pamoja na kobalti, ila kwa nusu-maisha ya siku 74 hiyo haikai kuwa tatizo la vizazi.

Chuma: kobalti na sesiamu zinapoachana njia

Kobalti inafanana sana na chuma. Huyeyuka kwa nyuzi 1,495, huchemka karibu na 2,930, na haina haraka ya kushikana na oksijeni. Ikiingia kwenye tanuri inasambaa sawasawa katika kila nondo itakayomiminwa. Ndivyo ilivyokuwa Ciudad Juárez, Meksiko, mwishoni mwa 1983. Mashine ya kutibu saratani iliuzwa kama skrapu, na vidonge takriban 6,000 vya kobalti-60, kila kimoja cha kipenyo cha milimita moja hivi, vikachanganyika na vyuma vilivyoyeyushwa kutengeneza nondo na miguu ya meza. Jambo hilo lilijulikana kwa bahati Januari 1984, lori la nondo lilipopita karibu na maabara ya Los Alamos na kuamsha king'ora.

Sesiamu ni kinyume chake. Metali yake huchemka kwa nyuzi 671, na hata misombo yake haivumilii joto la chuma kilichoyeyuka. Mei 1998, kiwanda cha chuma cha pua huko Los Barrios, kusini mwa Hispania, kiliyeyusha chanzo cha sesiamu-137 kilichojificha kwenye skrapu. Chuma kilitoka safi, na pengine hilo ndilo lililochelewesha watu kugundua. Mionzi ilikuwa kwenye vumbi la machujio, na kiasi kilichopenya kikapimwa hewani hadi Ufaransa, Italia, Uswisi na Ujerumani.

Hesabu ya mfano inaonyesha tofauti. Chukua tanuri la umeme la tani 100, na chanzo cha terabekereli 1, yaani bekereli trilioni moja (bekereli moja ni atomu moja inayotoa mionzi kwa sekunde). Ikiwa ni kobalti, inagawanyika kwenye gramu milioni 100 za chuma: bekereli 10,000 kwa gramu. Ikiwa ni sesiamu, inaingia kwenye vumbi. Tanuri la aina hiyo hutoa kilo 15 hadi 20 za vumbi kwa kila tani ya chuma, tuseme tani 2 kwa mzunguko mzima: bekereli 500,000 kwa gramu. Kiwango cha kimataifa cha kuachilia bidhaa zitumiwe kwa uhuru, kwa kobalti-60 na sesiamu-137 zote mbili, ni bekereli 0.1 kwa gramu. Kwa hiyo kobalti inakuharibia mzigo mzima wa chuma kwa kiwango kikubwa, na sesiamu inakuachia mzigo mdogo wenye ukali wa kutisha pamoja na mitambo ya moshi iliyochafuka kutoka bomba hadi mfuko wa mwisho wa chujio.

Tabia hiyohiyo ndiyo faida kwa wanaoyeyusha kwa makusudi. Studsvik nchini Uswidi tangu 1987, na Krefeld nchini Ujerumani tangu 1989, wameyeyusha vyuma kutoka vinu vya nyuklia kwenye matanuri ya induksheni, yanayopasha chuma kwa uga wa sumaku wa umeme bila moto. Sesiamu inakamatwa kwenye vumbi, urani na jamaa zake zinatolewa na slagi, na chuma kinabaki na kobalti peke yake au hakina chochote. Faida nyingine, ambayo sisi tunaiona kubwa kuliko kupungua kwa ujazo, ni upimaji. Bomba lililopinda lina pembe ambazo kipimo hakifiki. Likiyeyuka, kipande kidogo kilichochukuliwa kwenye kalibu kinawakilisha ingoti nzima, yaani tofali zima la chuma lililomiminwa. Kisha unasubiri: kobalti ya bekereli 1 kwa gramu hushuka hadi 0.1 kwa miaka 17 na nusu. Sesiamu ingehitaji miaka 100 kwa safari hiyohiyo, ndiyo maana ni heri imekwisha kuondoka na vumbi.

Yanayokwenda mrama hapa ni mengi. Bomba lenye maji ndani, au silinda iliyofungwa pande zote, hulipuka likigusa chuma kilichoyeyuka, kwa hiyo kila kitu kinakatwa na kukaushwa kwanza. Slagi yenye silika nyingi inaweza kushika sehemu ya sesiamu, lakini yenye chokaa nyingi huiachilia. Usipojua slagi yako ni ya aina gani huwezi kusema sesiamu iko wapi. Tena slagi ya viwanda vingi huuzwa kufukia mashimo ya barabara na nyua. Ikiwa ina amerisiamu, anayeivunja kwa nyundo anavuta vumbi la chembe za alfa, ambazo nje ya mwili huzuiwa hata na karatasi lakini ndani ya mapafu ni balaa.

Alumini ni mnyama mwingine. Inapenda oksijeni kuliko karibu kila kitu, kwa hiyo inaweza kuipokonya urani oksijeni yake, na urani ikayeyukia ndani ya metali badala ya kuelea. Kusafisha alumini iliyochafuliwa na urani kwa kuyeyusha ni kazi ngumu inayohitaji chumvi maalumu za kusafishia. Kwa chuma, urani hutoka na slagi bila kubembelezwa.

Sufuria za jua kali na kipimo cha barabara

Hapa tunawasemesha hasa mafundi wa Nakuru na Kisumu wanaomimina sufuria na vipuri kutoka kwa alumini chakavu. Makandarasi wa barabara hutumia kifaa cha kupimia msongamano na unyevu wa udongo. Kwa kawaida ndani yake mna vyanzo viwili: sesiamu-137 ya bekereli milioni 300 hivi, na amerisiamu-241 iliyochanganywa na berili, ya bekereli bilioni 1.5 hivi. Aghalabu ganda lake ni alumini na kinga yake ni risasi, vitu viwili ambavyo mnunuzi wa skrapu huvilipia bila kusita.

Tanuri la alumini hufanya kazi kwa nyuzi 700 hadi 750. Risasi huyeyuka kwa 327, basi kinga inatoweka mapema. Ila kapsuli yenye chanzo ni ya chuma cha pua, na hiyo haiyeyuki mpaka nyuzi 1,400 na kitu. Matokeo yake ni kwamba kapsuli inaweza kubaki nzima chini ya chungu, bila kinga, ikimulika fundi kila anapoinama kukoroga. Maadamu ni nzima, hakuna moshi wenye mionzi, hakuna sufuria yenye mionzi, na fundi hana dalili yoyote ya kumshtua. Kapsuli hiyohiyo ikipelekwa kwenye tanuri la chuma cha kumimina la tani moja, ganda huyeyuka na mgawanyo tuliouona unaanza: sesiamu kwenye kilo 20 za vumbi ni bekereli 15,000 kwa gramu, na amerisiamu kwenye kilo 30 za slagi ni bekereli 50,000 kwa gramu. Tanuri lisilo na chujio halibakishi vumbi hilo, linampelekea jirani.

Kioo: wanaotoroka na wanaozama

Kioo cha taka si kile cha dirisha. Kile kinachotengenezwa La Hague, Ufaransa, kina silika asilimia 45 hivi, oksidi ya boroni 14, oksidi ya sodiamu 10, alumina 5, halafu chokaa, zinki na lithiamu kidogo kidogo, na taka zenyewe haziruhusiwi kuzidi asilimia 18.5. Wamarekani kule Savannah River, ambako taka zao zimejaa chuma na alumini badala ya mazao makali ya mpasuko wa atomu, hutia zaidi ya asilimia 28. Kila asilimia unayoongeza inapunguza idadi ya makopo ya kuzika, lakini inakusogeza karibu na mpaka ambapo kioo kinaanza kutapika.

Tukianza na wanaotoroka, rutheniamu ndiyo mjanja kuliko wote. Taka za majimaji huwa na asidi ya nitriki. Zikipashwa moto, rutheniamu huoksidika ikawa tetroksidi, ambayo huchemka kwa nyuzi 40 tu. Inapanda na mvuke, inagusa ukuta wa bomba, inaoza ikawa oksidi nyeusi na kunata hapohapo. Bomba linaziba taratibu, na mahali palipoziba panamulika. Dawa yake ni sukari. Ndiyo, sukari ya kawaida, na watu wa Muhoroni na Chemelil wana haki ya kutabasamu. Ikitiwa kwenye taka, inaila nitrati na kuipunguzia rutheniamu oksijeni ya kujigeuzia gesi. Savannah River walitumia asidi ya fomiki kwa kazi inayokaribiana na hiyo. Ukizidisha, unaingia hatari nyingine: metali na salfidi zinajitenga ndani ya kioo na kutulia chini.

Teknetiamu-99 inatesa zaidi kwa sababu ya umri wake. Ikiwa na elektroni saba pungufu, kama ilivyo katika taka nyingi za chumvi, inapaa kirahisi, mara nyingi ikiandamana na sesiamu. Ni kawaida nusu au zaidi kutoroka kwa mpito mmoja. Hanford, Marekani, ambako kuna matangi 177 ya taka za enzi ya silaha na uyeyushaji wa taka za ukali mdogo ulianza Oktoba 2025, mpango ni kuosha moshi na kurudisha maji ya kuoshea kwenye tanuri, mara tena na tena, hadi teknetiamu ikubali kukaa. Njia hiyo inafanya kazi, lakini maji hayo hurudi pia na klorini na salfa, ambavyo kioo hakivitaki.

Iodini usitegemee kioo kabisa. Inakamatwa kwa kaboni au kwa vichujio vyenye fedha, au inatolewa mapema mafuta ya nyuklia yanapoyeyushwa kwa asidi.

Kwa sesiamu, tofauti kati ya tanuri zuri na baya iko juu ya uso wa kioo. Malighafi mpya inapodondoshwa, hufanya tabaka lisiloyeyuka bado, na tabaka hilo hufunika kioo chenye moto kama utandu unavyofunika maziwa yaliyochemshwa. Sesiamu inayopaa kutoka chini hugonga utandu huo wenye ubaridi, hugandia humo, na kurudishwa chini. Utandu ukifunika asilimia 90 au zaidi ya uso, sehemu kubwa kabisa ya sesiamu hubaki. Mwendeshaji akisimamisha malighafi huku tanuri likiendelea kuwaka, utandu unaisha na sesiamu inaondoka wazi wazi. Ndiyo sababu tanuri la kioo halipendi kuwashwa na kuachwa likingoja. Mapovu ya hewa yanayopulizwa chini ili kuharakisha uyeyushaji huongeza kasi ya kazi, ila yakizidi yanachana utandu huo.

Sasa wanaozama. Rutheniamu iliyobaki, pamoja na rodiamu na paladiamu, hazikai ndani ya kioo. Hutulia chini kama matope mazito yanayopitisha umeme. Katika tanuri linalopashwa kwa umeme kupita ndani ya kioo chenyewe, mkondo huacha njia yake na kupitia kwenye matope. Sehemu ya juu inapoa, chini panaungua, na tundu la kumiminia linaziba. Tanuri la PAMELA huko Mol, Ubelgiji, lililofanya kazi 1985 hadi 1991, lilisumbuliwa na jambo hilo, na Wajapani wa Tokai na Rokkasho wakakutana nalo baadaye. Suluhisho la wahandisi ni sakafu yenye mteremko mkali, ili matope yashuke yote kwenye tundu.

Na kuna wanaoelea. Salfati ikizidi takriban asilimia moja, au molibdeni ikiwa nyingi, chumvi ya njano hujitenga na kuelea juu. Rangi yake inapendeza, lakini ni mbaya mno: inakusanya sesiamu, strontiamu na teknetiamu, na inayeyuka kwenye maji. Kopo lenye chumvi hiyo ndani ya kioo ni sawa na kuzika taka ambazo hazikutiwa kwenye kioo.

Tanuri lipi la kioo?

La kauri lenye elektrodi ndilo lenye uwezo mkubwa na maisha marefu. Tanuri la pili la Savannah River lilidumu kutoka 2003 hadi 2017. Kopo lake lina urefu wa mita 3, kipenyo cha sentimita 61, na hubeba kilo 1,800 hivi za kioo. Udhaifu wake ni yale matope ya metali, na pia ukubwa: likifa ni mzigo wenye mionzi wa tani nyingi usiopita mlangoni.

Chungu cha metali kinachopashwa kwa induksheni, walichoanza nacho Wafaransa kule Marcoule mwaka 1978, ni kidogo na rahisi kubadilisha, lakini kinaliwa na kioo haraka. Kabla yake kuna ngoma inayozunguka ya kukaushia taka zikawa unga, na moshi wa ngoma huoshwa kwa asidi moto ambayo hurudishwa ndani pamoja na vumbi. Kopo la La Hague lina kilo 400 za kioo.

Chungu baridi, kilichoanza kutumika La Hague mwaka 2010, kina ukuta unaopozwa kwa maji. Kioo kinachougusa huganda na kuwa ngozi nyembamba inayokilinda chungu kisiliwe, basi unaweza kupandisha joto zaidi ya 1,200 na kuyeyusha taka zenye molibdeni ambazo chungu cha kawaida kingeshindwa. Bei yake ni umeme mwingi unaopotea kwenye maji ya kupoza, na sesiamu nyingi zaidi inayopaa kwa joto hilo. Korea Kusini imekitumia Ulchin tangu 2009 kwa taka za ukali mdogo kama vile rezini za kusafishia maji ya kinu. Tukilazimika kuchagua moja kwa taka zenye mchanganyiko usiotabirika, tungechukua hiki, kwa sharti kwamba mtambo wa moshi umejengwa kwa uzito uleule wa tanuri lenyewe.

Plazma, yaani gesi iliyopashwa kwa umeme hadi ikawaka, kama ile ya Würenlingen, Uswisi, humeza karibu chochote: glavu, mbao, vyuma, saruji, pipa zima. Lakini huo ndio moto mkali kuliko yote, na sesiamu haina haya mbele yake.

Baada ya tanuri la aina yoyote, moshi hupozwa, huoshwa kwenye maji, hupitishwa kwenye uga wa umeme unaonasa matone, hukaushwa, kisha huingia kwenye machujio makavu na kaboni. Kuukausha kabla ya chujio si hiari, maana chujio lililoloa hupasuka.

Saruji: hakuna moshi, kuna maji

Saruji hufanya kazi kwa joto la chumba, kwa hiyo hakuna elementi inayopaa. Pipa la lita 200, mchanganyiko wa maji na saruji kwa uwiano wa 0.35 hadi 0.45, siku 28 za kukomaa, basi. Tatizo lake ni kinyume cha la kioo. Sesiamu haishikwi na saruji, husafiri kupitia vitundu vya maji. Ndipo unapoongeza udongo wa bentonaiti au zeolaiti. Teknetiamu huhitaji slagi ya tanuru la chuma iliyosagwa, ambayo huinyang'anya oksijeni na kuifanya isiyeyuke. Borati kutoka maji ya kinu huchelewesha saruji kushika, na rezini huvimba zikapasua pipa. Ujazo unaongezeka, mara nyingi mara mbili. Na kwa taka kali kabisa haifai, maana mionzi hupasua maji yaliyomo kwenye saruji na kutoa haidrojeni.

Kwa hiyo uchague nini?

Kiwanda cha Nakuru au Kisumu chenye kipimo cha zamani chenye chanzo kilichofungwa: usiyeyushe, usikate, usimpe mtu wa skrapu. Chanzo kidogo ndani ya kapsuli tayari kimefungwa kuliko tanuri lolote litakavyokifunga. Kinatiwa kwenye kapsuli nyingine ya chuma cha pua, kinachomelewa, kinajaribiwa kama kinavuja, kisha kinawekwa katikati ya pipa lenye zege kwa namna inayoruhusu kukitoa tena. Kazi hiyo hufanywa chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, na kituo cha taifa cha kuchakata taka za mionzi kiko Oloolua, Ngong. Sindano za zamani za radiamu zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu hutoa gesi ndani ya kapsuli. Vyanzo vya maisha marefu huishia kwenye kisima chembamba kirefu, wazo lililokuzwa kwanza Afrika Kusini.

Wakazi wa Siaya: kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hadi 25 za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Mafuta hayo hayayeyushwi ila nchi ikiamua kuyachakata upya, yaani kutoa urani na plutoniamu zilizobaki ndani yake, na hapo kioo chake hufika mita 3 za ujazo hivi kwa mwaka. Ufini imechagua kuyazika mazima ndani ya mikebe ya shaba huko Onkalo. Koeberg, kinu cha Afrika Kusini, huyahifadhi mafuta yake na kupeleka taka nyepesi kwenye eneo la kuzikia la Vaalputs. Hakuna kiwanda cha biashara cha kuchakata mafuta hayo barani Afrika, na sheria ya Ufaransa inataka taka za wageni zirudi kwao. Basi "kioo" kwa Siaya maana yake ni meli, mkataba, na makopo yanayorejea baada ya miaka mingi. Swali la karibu zaidi ni rezini na vichujio vya kila siku, na hapo ulinganisho ni saruji dhidi ya chungu baridi. Anayekuja na chungu baridi aulizwe sesiamu iliyopaa inarudi wapi, na maji ya kuoshea moshi yanaishia tanurini au ziwani. Kwa kinu kimoja, sisi tungeanza na saruji yenye zeolaiti.

Kwa wenye yadi za skrapu, kipimo cha mkononi ni rahisi kuliko kusafisha chochote. Pima kwanza uwanja wako ukiwa mtupu. Sehemu nyingi husoma karibu mikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 0.1 kwa saa, lakini ukiwa upande wa vilima vya Ruri na Homa, Homa Bay, mawe yenyewe yana thoriamu na usomaji wa kawaida uko juu, basi usitumie namba ya mtu wa Nakuru. Mzigo ukisoma mara tatu ya uwanja wako, usiushushe. Kumbuka kuwa amerisiamu hufichwa na milimita chache tu za chuma, kwa hiyo kipimo kikinyamaza bado angalia kwa macho: alama ya mionzi, kibati chenye namba ya mfululizo na jina la elementi, kitu kidogo kizito kupita umbo lake. Ukikiona, watu wasogee mita 30, mtu asikiguse wala kukikata, aliyekishika anawe mikono na asile kwanza, na polisi na mamlaka ya nyuklia wapigiwe kabla lori halijaondoka.